Kompyuta Zilizorundikana kwa Wasambazaji: Jinsi ya Kuzihesabu na Kuziondoa

Kila msimu wa ripoti za robo mwaka ukifika, maswali ni yale yale. Kampuni ilitangaza mauzo mazuri miezi mitatu iliyopita, imekuwaje leo inatangaza hasara? Hizo kompyuta ilizouza, si zilishalipiwa? Na wakisema mzigo umezidi kwenye njia za usambazaji, umezidi kuliko nini? Majibu hutolewa vipande vipande, na anayeanza hubaki na vipande visivyoungana. Hapa naweka kazi nzima kwa mpangilio, kwa ajili ya mwekezaji mdogo anayesoma ripoti, mwanafunzi wa biashara, mfanyakazi mpya wa idara ya mauzo, na mwenye duka anayeletewa mzigo ambao hakuuomba.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mara nyingi kampuni ya kompyuta haimuuzii mtumiaji. Inamuuzia msambazaji mkuu, naye anamuuzia muuzaji wa rejareja, ndipo mashine ifike kwa mtu atakayeiwasha. Kwa kawaida kampuni huandika mauzo kwenye vitabu vyake pale mashine inapokuwa mali ya msambazaji. Kati ya hapo na siku mashine inapowashwa kuna maghala mengi, na humo kompyuta zinaweza kulala miezi huku ripoti ikisema zimeuzwa. Kwa hiyo nitatumia maneno mawili hadi mwisho: kilichoingia, yaani mashine ambazo kampuni imewapelekea wasambazaji, na kilichotoka, yaani mashine ambazo watumiaji wamenunua. Ukiyachanganya hayo mawili, hesabu yote itakupotosha.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Ripoti za robo mwaka za kampuni, zisipungue nane mfululizo. Chini ya hapo huwezi kutofautisha mlundikano na msimu wa kawaida.
- Nakala za mazungumzo ya menejimenti na wachambuzi wa soko la hisa. Mara nyingi idadi ya wiki za mzigo hutajwa humo, hasa kwenye kipindi cha maswali.
- Maelezo ya ripoti ya mwaka kuhusu namna kampuni inavyotambua mapato. Ni kurasa chache, na wengi huziruka.
- Excel au programu yoyote ya majedwali.
- Kama uko ndani ya kampuni au kwa msambazaji: ripoti za kila wiki za mauzo na za mzigo uliobaki, kwa kila modeli.
- Uvumilivu wa kusoma tanbihi.

Hatua ya 1: Chora njia, kisha uliza mauzo yanaandikwa wapi

Chukua karatasi uchore safari ya mashine: kiwanda, ghala la kampuni, msambazaji mkuu, muuzaji wa rejareja, mtumiaji. Kwa makampuni mengi makubwa, kwenye nafasi ya msambazaji mkuu utakutana na majina kama Ingram Micro na TD Synnex. Kisha weka alama ya kalamu nyekundu mahali ambapo kampuni huandika mauzo.

Alama hiyo utaiweka baada ya kusoma maelezo ya mapato. Chini ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iliyoanza kutumika mwaka 2018, mapato hutambuliwa pale udhibiti wa bidhaa unapohamia kwa mnunuzi, na kampuni inatakiwa kukadiria mapema mashine zitakazorudishwa na punguzo zitakazotolewa, ikayatoa makadirio hayo kwenye mapato. Kwa hiyo msambazaji akipokea mzigo, mauzo yameandikwa, hata kama hakuna mtumiaji hata mmoja aliyenunua.

Angalia pia kama kampuni ina maduka yake au inauza moja kwa moja mtandaoni. Mashine zinazouzwa hivyo hazipiti kwa msambazaji. Zinaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Zitenge kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

*Kosa la kawaida:* kuchanganya mzigo ulio kwenye ghala la kampuni na mzigo ulio kwa wasambazaji. Wa kwanza unaonekana kwenye mizania ya kampuni, yaani orodha ya mali na madeni yake. Wa pili hauonekani humo, kwa sababu umekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Kampuni inaweza kuonyesha ghala karibu tupu, watu wakaipigia makofi, wakati maghala ya wasambazaji yamejaa hadi mlangoni.

Hatua ya 2: Tafuta wiki za mzigo

Hiki ndicho kipimo ambacho biashara nzima hukitumia. Chukua idadi ya mashine zilizo kwa wasambazaji na wauzaji mwisho wa robo, gawanya kwa wastani wa mashine zinazotoka kwenda kwa watumiaji kwa wiki. Robo mwaka ina wiki 13. Kama watumiaji walinunua mashine 130,000 katika robo, wastani ni 10,000 kwa wiki. Kama kwenye maghala na rafu zimebaki 60,000, una mzigo wa wiki 6.

Wiki ngapi ni sawa? Inategemea urefu wa njia na kasi ya modeli kubadilika, lakini kwa kompyuta za watu binafsi, mzigo wa wiki 4 hadi 6 haumshtui mtu. Ukipita wiki 8 anza kuuliza maswali. Ukifika 10 au zaidi na modeli mpya iko njiani, hali ni mbaya. Kompyuta haikai ghalani kama mabati. Kila wiki inayopita vipuri vinashuka bei, na ile ya jirani inatoka na prosesa mpya.

Mfano halisi ni Apple mwaka 2000. Kampuni iliingia robo ya Oktoba hadi Desemba ikiwa na mzigo wa zaidi ya wiki 11 kwenye njia zake za usambazaji. Ilimaliza robo hiyo na takriban wiki 5.5. Nitarudi kwenye gharama yake kwenye hatua ya 6, kwa sababu pale ndipo wengi hushtuka.

Angalia mitego mitatu hapa.

Mtego wa kwanza ni kugawanya kwa kilichoingia badala ya kilichotoka. Kampuni inayowabebesha wasambazaji mzigo ina kilichoingia kikubwa, kwa hiyo jibu lako litakuwa dogo na la kufurahisha. Kadiri wanavyojaza zaidi, ndivyo hesabu hiyo mbovu inavyoonekana nzuri zaidi.

Mtego wa pili ni msimu. Mwisho wa Desemba, wastani wa wiki 13 zilizopita umebeba ununuzi wa sikukuu, na Januari watu hawanunui kwa kasi ile. Mzigo unaoonekana wa wiki 5 ukigawanywa kwa kasi ya Januari unaweza kuwa wa wiki 8. Gawanya kwa kasi unayotarajia mbele. Ukishindwa kuikadiria, tumia kasi ya robo inayofuata kama ilivyokuwa mwaka uliotangulia.

Mtego wa tatu ni mipaka ya neno lenyewe. Kampuni moja ikisema "mzigo kwenye njia" huhesabu maghala ya wasambazaji tu. Nyingine huongeza rafu za wauzaji wa rejareja. Usilinganishe makampuni mawili kabla hujajua kila moja imehesabu hadi wapi.

Hatua ya 3: Kama idadi haijatolewa, jenga jedwali lako

Makampuni mengi hayasemi wazi wasambazaji wana mashine ngapi. Hilo lisikuvunje moyo. Kanuni ni nyepesi: mzigo wa mwanzo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, unapata mzigo wa mwisho. Hata kama hujui mzigo wa mwanzo, utajua unapanda au unashuka, na mwelekeo huo una thamani kuliko namba yenyewe.

Tuseme kampuni fulani ilianza mwaka na mashine 60,000 kwa wasambazaji, huku watumiaji wakinunua 10,000 kwa wiki. Mifano yote kuanzia hapa itatumia namba hizi.

- Robo ya kwanza: ziliingia 150,000, zilitoka 130,000. Zimebaki 80,000, sawa na wiki 8.
- Robo ya pili: ziliingia 150,000, zilitoka 117,000. Zimebaki 113,000. Kasi imeshuka hadi 9,000 kwa wiki, kwa hiyo ni wiki 12 na nusu hivi.
- Robo ya tatu: ziliingia 156,000, zilitoka 104,000. Zimebaki 165,000. Kasi ni 8,000 kwa wiki. Ni zaidi ya wiki 20.

Sasa soma ripoti ya kampuni hiyo kama msomaji wa kawaida angeisoma. Mauzo ya robo ya kwanza ni 150,000, ya pili 150,000, ya tatu 156,000. Kichwa cha habari kitasema mauzo yamekua kwa asilimia 4. Lakini watumiaji wamepungua kutoka 130,000 hadi 104,000, yaani asilimia 20 wameondoka. Habari hizo mbili zinatoka kwenye kampuni moja, kwa miezi ile ile. Ukijifunza kuona tofauti hiyo peke yake, umepata sehemu kubwa ya kazi hii.

Kilichotoka unakipata wapi? Ndani ya kampuni na kwa msambazaji, ripoti za mauzo ya wiki zinacho. Ukiwa nje, sikiliza menejimenti inapotaja mauzo kwa watumiaji, angalia ripoti za wauzaji wakubwa wa rejareja, na ripoti za wasambazaji walioorodheshwa kwenye masoko ya hisa.

*Onyo kuhusu takwimu za soko:* takwimu za robo mwaka za kompyuta zinazotolewa na makampuni ya utafiti wa soko ya IDC na Gartner, ambazo kila gazeti hunukuu, huhesabu mashine zilizosafirishwa, zikiwemo zilizoingia kwa wasambazaji. Ni takwimu nzuri kwa kazi yake, lakini kampuni inaweza kupanda kwenye orodha hizo kwa kujaza maghala ya watu wengine. Usizitumie kama kilichotoka.

Hatua ya 4: Tafuta nyayo kwenye vitabu

Mlundikano haujifichi kabisa. Huacha alama kwenye mizania, na alama ya kwanza ni madeni. Gawanya madeni ambayo wateja wanadaiwa kwa mapato ya robo, zidisha kwa siku 90. Unapata siku ambazo kampuni inasubiri kulipwa. Zikipanda robo baada ya robo wakati mauzo yanasifiwa, inawezekana wasambazaji wamepewa muda mrefu zaidi wa kulipa ili wakubali kupokea mzigo. Msambazaji asiyeuza hana pesa ya kulipa.

Alama ya pili ni akiba, yaani kiasi ambacho kampuni hutenga mapema kwa ajili ya mashine zitakazorudishwa na fidia ya bei. Fidia ya bei ni hivi: kampuni ikipunguza bei rasmi, humrudishia msambazaji tofauti kwa mashine ambazo bado anazo, kwa masharti ya mkataba. Akiba hiyo ikikua kuliko mauzo, kampuni yenyewe inakuambia inachotarajia. Ikibaki pale pale, au ikishuka, wakati jedwali lako linaonyesha mzigo unapanda, hofu yangu huwa kubwa zaidi, kwa sababu hasara bado haijaandikwa.

Acer, kampuni ya kompyuta ya Taiwan, ni somo zuri la hatua hii. Machi 2011 mkuu wake, Gianfranco Lanci, aliondoka. Tarehe 1 Juni mwaka huo kampuni ikatangaza kufuta dola milioni 150 kwenye vitabu vyake baada ya kukagua mzigo na madeni ya wasambazaji wake wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Ona vitu viwili vilivyokaguliwa: mzigo na madeni. Daima hutembea pamoja.

Kuna pia hali ambapo mlundikano umevuka mpaka na kuwa udanganyifu mtupu. MiniScribe, kampuni ya Marekani iliyotengeneza diski za kompyuta, ilifikia mwaka 1987 kufunga matofali kwenye maboksi ya diski na kuyasafirisha ili namba za vitabuni zitimie. Mwaka 1990 ilikuwa imeomba kinga ya kufilisika. Hutakutana na matofali mara nyingi. Lakini msukumo ni ule ule, robo inakaribia kufungwa na lengo halijatimia. Kwa hiyo chunguza mauzo ya wiki mbili za mwisho za robo. Kama sehemu kubwa ya kilichoingia huingia siku hizo kila mara, kuna anayesukuma.

Hatua ya 5: Tenganisha mzigo hai na mzigo mfu

Wiki 9 za modeli iliyotoka mwezi uliopita na wiki 9 za modeli itakayobadilishwa mwezi ujao ni vitu viwili tofauti kabisa. Gawa mzigo kwa modeli, kisha andika mbele ya kila modeli tarehe ambayo mrithi wake anatarajiwa. Modeli ambayo wiki zake za mzigo ni nyingi kuliko wiki zilizobaki kabla ya mrithi kufika, ihesabu kuwa mfu kwa ile ziada.

Ukifanya hivi mara nyingi utagundua tatizo liko kwenye modeli moja au mbili tu. Katika mkasa wa Apple wa mwaka 2000, Power Mac G4 Cube, kompyuta ya mezani iliyotangazwa Julai 2000, iliuzwa chini sana ya matarajio. Ilisimamishwa Julai 2001. IBM nayo ilizindua PCjr, kompyuta yake ya nyumbani, Novemba 1983, ikasitisha utengenezaji Machi 1985, na mashine zilizobaki ziliendelea kuuzwa kwa bei ya chini baada ya hapo.

Hatua ya 6: Kadiria gharama ya kurudi kwenye hali ya kawaida

Hatua hii ifanye taratibu, maana ndiyo inayojibu swali la mwanzo: kwa nini kampuni iliyouza vizuri inapata hasara ghafla.

Rudi kwenye mfano. Wasambazaji wana 165,000, kasi ni 8,000 kwa wiki, na tunataka kurudi wiki 6, yaani mashine 48,000. Ziada ni 117,000. Kampuni ikisimamisha usafirishaji *wote* kwa robo nzima, zitatoka 104,000 na zitabaki 61,000, ambazo bado ni zaidi ya wiki 7. Robo nzima bila mapato kutoka kwa wasambazaji, na bado hujafika.

Tuseme unajipa robo mbili. Zitatoka 208,000. Unaweza kupeleka 91,000 tu kwa robo zote mbili, yaani 45,500 kila robo, kutoka 156,000 ulizozoea. Mapato yameshuka kwa takriban asilimia 71 bila mtumiaji mmoja zaidi kuondoka. Hii si hasara mpya. Ni mauzo ya jana yanarudishwa.

Au punguza bei. Tuseme punguzo la dola 100 linapandisha kasi hadi 11,000 kwa wiki. Zitatoka 143,000 kwa robo, lengo la wiki 6 linakuwa 66,000, na unaweza kupeleka 44,000 ukafika lengo ndani ya robo moja. Lakini kama mkataba unatoa fidia kwa mzigo wote, unawalipa wasambazaji dola 100 mara 165,000, yaani dola milioni 16.5, na kila mashine mpya unaiuza kwa bei ya chini. Weka njia zote tatu kwenye jedwali, safu moja kila moja. Jibu litatofautiana kulingana na faida ya kila mashine.

Sasa Apple. Septemba 28, 2000 ilionya kwamba faida itapungua, na siku iliyofuata hisa zake zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani. Katika robo ya Desemba, ilipopunguza mzigo kutoka wiki 11 na zaidi hadi 5.5, mapato yalikuwa takriban dola bilioni 1, pungufu kwa asilimia 57 kuliko robo kama hiyo mwaka mmoja nyuma, na hasara ilikuwa dola milioni 195, ya kwanza kwa miaka mitatu. Aliyesoma mapato hayo peke yake angedhani zaidi ya nusu ya wateja wametoweka. Mahitaji yalikuwa yameshuka kweli, lakini sehemu kubwa ya shimo hilo ilitokana na kuacha maghala yapungue.

Gharama inaweza pia kuja kama kufuta thamani moja kwa moja. Julai 2013 Microsoft iliandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya tableti yake ya Surface RT baada ya kupunguza bei kwa dola 150.

Hatua ya 7: Kuondoa mzigo, kwa wale walio ndani

Fuata mpangilio huu. Ukiupindua, unalipa mara mbili.

1. Simamisha au punguza usafirishaji kwanza, kabla ya punguzo lolote. Kila mashine unayopeleka leo utailipia fidia kesho. Mwishoni mwa mwaka 2018, mahitaji ya kadi za picha kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali yalipokauka, Nvidia, mtengenezaji wa kadi hizo, ilikabili mzigo wa kadi zake za daraja la kati kwa njia hiyo: ilisema haitapeleka nyingine za maana katika robo iliyofuata ili zilizoko ziuzwe.
2. Hesabu upya kwa macho. Tuma watu kwa wasambazaji na wauzaji wakubwa wahesabu maboksi. Ripoti za wiki huwa na mashine zilizoharibika, zilizokopeshwa kwa maonyesho, na zilizohesabiwa mara mbili zikiwa njiani.
3. Punguza bei mara moja, kwa kiasi kinachotosha. Punguzo dogo dogo la kila mwezi humfundisha mnunuzi kusubiri, na kila moja huzaa fidia yake.
4. Elekeza motisha kwa kilichotoka. Mpe muuzaji bonasi kwa mashine iliyofika kwa mtumiaji, yenye namba ya utambulisho iliyosajiliwa. Bonasi kwa mashine iliyopokelewa ghalani ndiyo iliyoleta tatizo.
5. Hamisha mzigo kabla ya kuutupa. Msambazaji mmoja anaweza kuwa na wiki 15 wakati mwingine ana 3. Mikataba mingi pia humruhusu msambazaji kurudisha sehemu ya mzigo na kuchukua modeli nyingine. Tumia nafasi hiyo kuvuta modeli mfu.
6. Badilisha malengo ya timu yako ya mauzo. Mkuu wa kanda anayelipwa kwa kilichoingia ataijaza tena njia ya usambazaji robo ijayo, na utamlaumu bure.

Bei ya kutupa iwe ya mwisho, kwa modeli ambayo haina mrithi. HP ilifanya hivyo na tableti yake ya TouchPad: ilianza kuuzwa Julai 1, 2011, ikasitishwa Agosti 18, kisha ile yenye hifadhi ndogo ikauzwa kwa dola 99. Mashine ziligombaniwa na maghala yakaachwa wazi. Lakini usijaribu hilo kwa modeli ambayo dada yake bado yuko kwenye rafu, kwa sababu hakuna atakayelipa bei kamili ya dada.

Tafadhali usimsahau mwenye duka mdogo. Msambazaji mkuu ana mkataba wa fidia. Duka dogo lililonunua mashine kumi kwa bei ya zamani mara nyingi halina. Ukipunguza bei bila kulifikiria, mtaji wake umeuchoma wewe, na mashine zako hatazichukua tena. Kuweka kiasi kidogo cha fidia kwa maduka hayo ni haki, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mamilioni ya juu.

Ukikwama

*Kampuni haitoi idadi ya mashine kabisa.* Apple ilitangaza Novemba 2018 kwamba itaacha kutaja idadi ya iPhone, iPad na Mac zilizouzwa. Fanya kazi kwa pesa badala ya vipande: mapato ya kitengo kwa kilichoingia, na kauli za menejimenti kuhusu mzigo kupanda au kushuka. Usahihi utapungua, mwelekeo utabaki.

*Wiki za mzigo zinashuka lakini idadi ya mashine inapanda.* Mara nyingi kasi imepanda kwa muda, kwa mfano kwa sababu ya sikukuu au ununuzi wa shule. Angalia kama kasi hiyo itadumu. Ikirudi ilipokuwa, wiki zitaruka.

*Wiki zinapanda ingawa kampuni imepunguza usafirishaji.* Kilichotoka kinashuka haraka kuliko kilichoingia. Kosa la menejimenti hapa mara nyingi ni kupunguza kidogo kidogo. Inabidi wakate kwa kina mara moja.

*Wasambazaji wanalalamika hawapati mashine, lakini wewe unaogopa mlundikano.* Shuku oda hewa. Bidhaa ikiadimika, msambazaji huagiza 3,000 akitumaini kupewa 1,000, na huagiza kwa watu wawili. Uhaba ukiisha, oda zote hufika pamoja au hufutwa pamoja. Jenga jedwali kwa kilichotoka, usijenge kwa oda.

*Mzigo kwa wasambazaji unaonekana wa kawaida, lakini kampuni bado inaonya.* Tazama nyuma ya njia, kwenye vipuri. Agosti 2022, baada ya ununuzi mkubwa wa kompyuta wa kipindi cha korona kupoa, Nvidia ilitangaza gharama ya takriban dola bilioni 1.3 iliyotokana hasa na mzigo wa ziada na ahadi za ununuzi kwa wazalishaji. Tanbihi ya ahadi za ununuzi ndiyo ya kusoma.

*Mashine za kanda moja zinaonekana kwa bei ya chini kwenye kanda nyingine.* Msambazaji aliyelemewa anauza nje ya eneo lake. Fuatilia namba za utambulisho utajua zimetoka kwa nani. Kabla ya kumwadhibu, angalia kwanza nani alimpelekea mzigo huo wote, na katika wiki gani ya robo.